Goti Lililosagika

Hasira hii ninayo tangu nikiwa msichana, na sina mpango wa kuiacha. Inaanzia kwenye magoti ya mama yangu.

Kwetu Ufipa, mwanamke akimpelekea mkwewe chakula hupiga magoti, huweka ugali chini, hupiga makofi taratibu, ndipo husalimia. Mama alimfanyia hivyo bibi, mama yake baba, asubuhi na jioni tangu alipoolewa. Alipiga magoti pia kwenye jiwe akisaga ulezi, kwa sababu kijiji chetu cha ujamaa kiliahidiwa mashine ya kusaga na tulichopata ni mikutano ya kuizungumzia. Tulipohamishiwa huko, upande wa Mwazye, nyumba zilipangwa mstari mzuri kandokando ya barabara, mbali kabisa na mto. Aliyepanga hakuwahi kubeba ndoo kichwani, nakuapia. Mama akawa anapanda mlima na maji, akifika anapiga magoti asage, akimaliza anapika, kisha anapiga magoti tena aandae.

Magoti yakavimba. Akiinuka yanalia, kwa, kwa, mpaka sisi watoto tunasikia. Mganga wa zahanati hakumgusa. Alimtazama tu kutoka kwenye kiti chake akasema, "Mama, huo ni uzee." Uzee! Mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado yuko mgongoni!

Siku moja akashindwa. Akamwekea bibi ugali akiwa amesimama, ameinama, miguu inatetemeka. Bibi akasukuma sahani.

"Sili chakula cha mwanamke anayenisimamia kama askari," alisema. Akamwita baba. "Mkeo ana kiburi. Ama hayo magoti yapone, ama arudi kwao akasimame huko."

Na baba, mwanamume mzima, aliyekuwa akitupigia kelele za usawa kwenye mikutano ya kijiji, akasema, "Sawa, mama." Mh!

Ndivyo tulivyokwenda hospitali ya misheni. Si kwa sababu mama anaumwa, thubutu! Kwa sababu bibi hajaamkiwa vizuri.

Nilikwenda naye kwa kuwa Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuulizia chumvi dukani tu, mengine yote Kifipa. Tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini, juu ya magunia ya mahindi, na baridi yetu ile inatupiga mpaka kwenye meno. Sista wa kizungu aliyeshughulika na viungo alilishika goti la mama kwa mikono yote miwili, akalikunja, akalinyoosha, akalisikiliza.

"Mwambie mama goti limesagika," akaniambia. "Kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini. Kimekwisha. Sasa mifupa inasuguana."

Nikatafsiri. Mama akacheka, kicheko kibaya.

"Muulize hivi: miaka yote nikijua nasaga ulezi, kumbe nilikuwa nasaga goti?"

Sista hakucheka. Akatuonyesha mashine yake, sanduku la kijivu lenye mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono kitu cha mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Ndani yake, alisema, mna waya uliosokotwa, umeme ukipita unakuwa sumaku, inawaka na kuzimika upesi upesi. Haichomi, haiumi. "Na simdanganyi," akasema, "wengine inawasaidia, wengine hapana. Kilichosagika hakirudi."

Kila asubuhi jenereta ilipowashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji, nasi tulikuwa hapo. Sufuria ile juu ya goti, tiki, tiki, tiki. "Sisikii kitu," mama alisema kila siku, nami nilitafsiri kila siku, na sista alijibu kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Uvimbe ukapungua. Mama akatembea mpaka kanisani bila kunishika bega. Nilifurahi, siwezi kukataa. Halafu nikakaa kwenye benchi la nje nikaanza kufikiri, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Tangu tufike mama hajachota maji. Hajasaga. Hajampigia mtu magoti. Sasa aliyemsaidia ni nani, sumaku au mapumziko? Nilimuuliza sista. Akasema hata yeye hawezi kuvitenganisha. Siku ya kuondoka akanipa agizo: mama asipige magoti tena, hata kanisani akae.

Jamani! Mtu kapelekwa atengenezwe apige magoti, anarudi na amri ya kutopiga!

Baba alitupokea barabarani. Swali lake la kwanza, kabla hata ya kupokea mzigo: "Yamepona?" Nikamweleza agizo la sista.

"Sasa hiyo mashine ilikuwa ya nini?" akauliza. Hivyo hivyo, haki ya Mungu. Nilitamani kumrushia furushi usoni.

Jioni ile mama alipika. Akabeba ugali na maji ya kunawa, akaingia kwa bibi, nami nyuma yake na maharage. Akainama, akaweka chini, akapiga makofi, akasalimia. Amesimama. Miguu haitetemeki.

Bibi hakuitikia. Akashika ukuta ainuke atoke, atuachie chakula chetu. Akajivuta mara moja, akarudi kwenye kigoda. Akajivuta tena. Na hapo tukasikia wote, kwa, kwa, magoti ya bibi yakilia vilevile kama ya mama. Sijui yalianza lini. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka kaburini, na mwanamke yule akaniharibia kila kitu. Akafunua kitenge, akalitazama goti lake lililovimba.

"Hiyo mashine," akasema bila kumtazama mama, "inapokea na wazee?"

"Inapokea," mama akajibu. "Ila sista atakuuliza nani alikupigisha magoti."

Bibi akalifunika goti kwa kitenge.

"Mama mkwe wangu," akasema. "Alishakufa zamani."

Akavuta sahani, akanawa, akala, na mama yangu amesimama.