Jogoo wa mnada wa kanisani alivyopasua kwaya yangu wakati najiandaa kustaafu

Mbuzi jike mmoja mwenye mimba. Sauti ya pili yote ya kwaya. Na jogoo mmoja ambaye supu yake niliifurahia kabla sijajua nakunywa nini.

Hiyo ndiyo gharama ya jambo lenyewe, wakuu. Nimeipiga hesabu mara mbili, na mara ya pili ilikuja kubwa zaidi.

Heshima kwenu wote humu. Nawaambia yaliyotokea kama yalivyotokea. Sina sababu ya kuongeza chumvi, na hata ningetaka, daktari ameshanikataza.

Mimi ni mchungaji, usharika mmoja wa milimani huku juu ya Same. Mwisho wa mwaka nastaafu. Kabla ya wito nilikuwa nauza vitunguu stendi ya Same, nakimbizana na madirisha ya mabasi. Chuo kilinifundisha Kigiriki, stendi ikanifundisha watu. Hizo shule mbili hazijawahi kuelewana ndani yangu.

Ombi langu kwa Mungu lilikuwa dogo tu: mchungaji mpya akija, nimkabidhi usharika mmoja. Siyo sharika mbili.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, niwaeleze kidogo.

Jumapili, mtu asiye na fedha mkononi analeta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, tangawizi, kuku. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapigwa mnada, fedha inaingia kwenye sadaka. Na kuna desturi tamu: ukishashinda, una ruhusa kusema "nampa fulani." Mara nyingi huyo fulani ni mchungaji.

Msiniangalie hivyo. Ni kweli ndizi sijanunua miaka mingi.

Mnada kwa kawaida unaendeshwa na mzee wa kanisa. Kwetu naendesha mimi. Wazee waliwahi kuninyang'anya kazi hiyo, mapato yakashuka, wakanirudishia wenyewe bila kikao.

Basi msimu wa kampeni ukafika. Udiwani wa kata yetu ukagombewa, na wagombea wawili wakawa waumini wangu. Mmoja Eliamani, mwenye duka la pembejeo. Mwingine Mwalimu Naelijwa, mwalimu mstaafu, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyeibeba sauti ya pili tangu nifike pale.

Nikaweka sheria mapema: mgombea anasali, anatoa sadaka, anarudi nyumbani. Hakuna kusalimia kutoka mbele, hakuna maiki. Nilijisifu sana kwa hilo. Niliziba mlango vizuri kabisa, nikasahau kwamba uwanja wa mnada hauna mlango.

Jumapili hiyo Bibi Nakunda, mjane wa jirani na kanisa, alileta jogoo. Jogoo wa kawaida, shingo imenyonyoka kidogo. Nikamwinua.

"Nani anaanza?"

Eliamani akataja bei nzuri. Mwalimu Naelijwa akaongeza. Eliamani akaongeza. Watu wakaanza kusogea.

Wakuu, nilijua. Hapo hapo nilijua kwamba hao hawanunui kuku. Mchungaji ndani yangu akasema, "Funga mnada." Muuza vitunguu akasema, "Subiri kwanza."

Nikamsikiliza muuza vitunguu.

"Mwalimu, unamwachia hivi hivi? Mtazame macho! Huyu anawika hadi Ndungu wanaamka!"

"Ongeza langu, Mchungaji," Mwalimu akasema.

Jogoo akafika bei ya mbuzi. Akapita. Akaanza kunyemelea bei ya ndama. Vijana wanapiga miluzi, mabibi wanashika vichwa. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu anataga dhahabu?" Mwenzake akamjibu, "Huyo jogoo, bwana, hatagi hata mayai."

Mwishowe Mwalimu akanyamaza. Eliamani akashinda. Akaja mbele, akampokea jogoo, akanirudishia mikononi.

"Nampa Mchungaji wetu, akale na Mama!"

Nikasema, "Ubarikiwe." Nitasema nini kingine? Kukataa sadaka ya mtu mbele ya watu kwetu ni tusi.

Lakini hakuishia hapo. Alinishika mkono wa kulia, akauinua juu pamoja na wake, kama refa na bondia. Na mimi sikuushusha. Nilikuwa nacheka. Bei ilikuwa imenilevya.

Simu zikatoka. Kabla sijavua joho, picha ilishafika kwenye grupu la usharika: "Baba Mchungaji ameshaonyesha njia." Nusu wameweka makofi, nusu wameondoka kwenye grupu.

Nilipofika nyumbani Mama, yaani mke wangu, alishapata wageni kutoka Mwanga, na jogoo alikuwa amenitangulia kwa mkono wa mzee wa kanisa. Nikala. Alikuwa mgumu, lakini supu ilikuwa nzuri.

Jumapili iliyofuata kwaya ilisimama bila sauti ya pili: Mwalimu hakuja, na akina mama wenzake wote hawakuja. Mliowahi kusikia kwaya ya hivyo mnajua. Ni kama makande yasiyo na maharage: unashiba, ila unajiuliza umekula nini.

Nikapanda kilima kwa Mwalimu Naelijwa. Nikamkuta anachambua tangawizi kibarazani.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Kanisani hatukukuona."

"Sikuja. Jogoo yuko wapi?"

"Jogoo..." Nikakohoa. "Tumemla."

Akaacha kuchambua. "Mmemla?"

"Kulikuwa na wageni."

"Basi Mchungaji," akasema kwa upole kabisa, "una kesi."

Hapa nisimame kidogo. Mnatutania Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Nimekuwa nikilikanusha hilo maisha yangu yote, hadi kwa wageni. Shitaka lilikuwa kwamba nimekula zawadi ya mgombea, na baraza la wazee wa kanisa lilikaa vikao vitatu kwa ajili ya jogoo huyo. Marehemu, tena. Mmoja akahoji kama kesi inaweza kuendelea wakati kidhibiti kimeshaliwa. Katibu akamjibu kwamba aliyekula ndiye kidhibiti.

Uamuzi: mchungaji alete mbadala wa jogoo unaokaribia bei aliyouzwa, upigwe mnada upya, asiyegombea kitu ndiye anunue, na dalali asiwe mchungaji.

Mbadala wangu ulikuwa mbuzi. Huyo mbuzi, wakuu, ndiye aliyekuwa mradi wangu wa kustaafu. Siyo sehemu ya mradi. Mradi wote.

Siku ya mnada nilikaa kwenye benchi, mikono nimeikalia. Mzee wa kanisa akamtangaza mbuzi wangu kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Bibi Nakunda akataja bei, ndogo kiasi kwamba niliona aibu kwa niaba ya mbuzi.

"Nani anaongeza?"

Kimya.

Nikageuka kumtazama mtu wa duka la nguo, ambaye mnadani hakosi kuongeza. Anafuta miwani. Wengine wanaangalia mawingu. Ikanichukua muda kuelewa kwamba uwanja mzima ulikuwa umekubaliana kumwachia mjane yule, bila mtu kusema neno.

Mbuzi akaenda. Mzee akauliza, "Bibi, unampa nani?"

"Nampa nani wa nini? Nakwenda naye nyumbani kwangu!"

Uwanja ukaanguka kicheko. Hata mimi nilicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Nimehubiri neema miaka mingi kwa maneno mengi. Siku ile ilihubiriwa na watu waliofunga midomo, na dalali mzuri angeiharibu.

Akina mama wa sauti ya pili walirudi Jumapili iliyofuata. Uchaguzi ukapita. Udiwani ukachukuliwa na mtu wa tatu, ambaye hajawahi kununua hata yai kwenye mnada wetu.

Nilichojifunza: nilidhani siasa itaingia kanisani na bendera na spika, nikamvizia mlangoni mgeni ambaye tulishamlea wenyewe ndani. Ilipita kwenye desturi yetu nzuri, na mimi ndiye niliyeipigia debe.

Ila bado halijaisha, ndiyo maana nimeandika.

Mwalimu Naelijwa mwenyewe hajarudi. Tukikutana njiani ananiamkia, na tangawizi anamletea Mama. Kuimba hapana. Juzi nikamwuliza, "Mwanangu, si kesi ilishaisha?"

Akaniambia, "Ya jogoo iliisha. Mimi sikukasirishwa na jogoo, Mchungaji. Ni mkono."

Nikashuka kilima, nikamsimulia Mama, kisha katibu.

Ibada yangu ya kuaga iko karibu. Mama anasema nisimame madhabahuni niseme wazi mbele ya wote: mkono ule haukuwa wangu kuuinua, nisameheni, basi. Katibu anasema nikifanya hivyo namwaibisha Eliamani, ambaye naye ni kondoo wangu na ameshashindwa mara moja, kwa hiyo niende kwa Mwalimu faraghani tu. Lakini mkono uliinuliwa mbele ya watu. Kuushusha chumbani kunatosha?

Wenye busara, hasa mliowahi kuongoza watu, nishaurini. Na wewe unayetaka kuandika "mchungaji ulikula rushwa," andika, nimeshazoea, ila ukimaliza niambie na cha kufanya. Nataka siku ile nisikie sauti ya pili ikiwa kamili.