Mashini ya Kabamba na masikio ya Mama Amida

Mama Amida alianza kusagia bantu bunga mu soko ya Kamina wakati mutoto wake wa kwanza alikuwa mu mugongo. Leo ule mutoto iko na ndevu. Mashini ni ya patron Kabamba, na ikiwaka, inalia mupaka kuku ya jirani inasahau kutaga. Miye nauzisha mafuta ya ngazi, ile ya mawese, pembeni, njo maana naona yote.

Mwaka huu matata ikaanza. Mashini ikizimika, Amida anasikia hata muntu akifungula karatasi ya bonbon, pipi ya batoto. Ikiwaka, unamuitia nyuma, anakaa kama jiwe. Siku moja, mashini inawaka, mama Tshiala, mwenye alileta mahindi, alilalamika nyuma yake: "Usichanganye na muhogo!" Amida akachanganya. Banamuke bakasema: "Ule mama iko na dharau!"

Kabamba akamupandisha ku moto yake, ile pikipiki, bakaenda kwa munganga wa masikio mwenye alikuwa anapita. Munganga akamuweka mu chumba ya kimya, akamuvalisha kaske ya kupimia masikio.

"Mama, unasikia muzuri."

"Asante, docta!" Kabamba akasema, akatoka inje kuwasha pikipiki. Amida akabakia.

"Basi ni mashini njo iko mugonjwa?"

"Sikia, mama. Ndani ya sikio kuko nywele ndogo-ndogo sana, zinapandisha sauti. Bongo inatuma amri kwa njia ya mushipa, inaziambia: 'Mutulie, ile kelele inatosha, muachie sauti ya muntu ipite.' Nazania kwako ile amri inafika na bulegevu. Mu kimya haina kazi mingi, njo maana hapa unasikia."

"Dawa?"

"Hakuna. Bantu basimame mbele yako, baseme banakuangalia."

Ku soko, Amida akamuelezea Kabamba yote. Ule akacheka. Mashini ilikuwa imezimika. Akasimama nyuma yake, akasema polepole: "Kesho naongeza mushahara."

Amida akageuka: "Aksanti, patron!"

Banamuke bakapiga vigelegele.

"Munaona? Sauti ya panya amesikia!" Kabamba akawasha mashini, akarudia nyuma: "Amida! Amida!" Amida anamwanga mahindi tu.

"Anafanya makusudi," Kabamba akasema.

Amida akaona bantu banacheka, akageuka. "Patron, kuya hapa mbele, njo nitasikia."

"Miye, mwenye mashini, nizunguke juu ya kukusemesha weye?"

Akamuita Gloire, mutoto wa dada yake, akamupatia kazi ya Amida. Hakumufukuza Amida juu ya masikio, hapana. Masikio, docta alisema iko muzima. Alimufukuza juu ya dharau.

Amida akakuya kukaa ku kiti yangu, bunga mu nyusi. "Kama angesema niko kiziwi, ningeenda na kulia. Sasa ku nyumba nitasema nini?"

Mashini ilikuwa inalia. Nikasimama, nikazunguka, nikamuangalia mu macho.

"Sema patron iko muvivu wa kuzunguka."

Alisikia. Hakucheka. Akainama, akaanza kutafuta viatu yake.