Bingwa Asiyestaafu

Leo nimejichimbia kaburi kwa sababu ya ndondi.

Nawaambia nyinyi tu tuliosoma darasa moja. Isitoke hapa.

Saa nne, kwa chai na nduma, ofisi yetu ya Embu ilibishana: mabingwa wa zamani wa uzito wa juu wapimwe kwa lipi?

Mutugi, dereva, akasema, "Kwa wale waliowapiga!"

Mimi, ambaye huwa nanyamaza, nikasema, "Kwa pigano la mwisho. Bingwa anayekataa kustaafu huharibu jina lake."

"Heh! Karani ameamka!" Mutugi akacheka.

Madam, mkuu wetu, hakucheka.

Hapo nikakumbuka. Jumatatu nilimchapia barua ya kuomba aongezewe miaka miwili kazini. Tunaoijua ni sisi wawili tu.

Akaniuliza polepole, "Akipigwa mara moja uzeeni, yote aliyoshinda yanafutwa?"

"Hapana, Madam."

"Lakini ndivyo ulivyosema. Mkataba wako unaisha lini?"

"Ijumaa, Madam."

"Sawa." Akaendelea kumenya nduma.

Anayeuongeza mkataba huo ni yeye.

Nikimwomba msamaha, nitakuwa nimekubali kwamba nilimwona yeye ndiye yule bondia. Nikinyamaza, Ijumaa inakuja.

Jamani, mngefanya nini?