Usiku wa Saa Nane Mchana

Jumapili nilipanga foleni na wanangu kwenye jumba la sinema hapa Tabora, tukisubiri katuni ya sungura. Mbele yetu alisimama bibi aliyekuja kwa treni kutoka Tura, wajukuu watatu wameng'ang'ania kanga yake. Alipoiona picha ya sungura ukutani, akageuka.

“Turudi stesheni. Hadithi za sungura hazisimuliwi mchana. Mvua itakimbia.”

Mjukuu mdogo akaanza kulia bila sauti. Hakuna aliyecheka. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kimeshapanda, na mvua si jambo la mzaha.

Mwenye sinema, mzee wa Kihindi, akatoka kwenye dirisha la tiketi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba.”

Hakubishana naye. Alifunua tu lile pazia zito la mlangoni. “Tazama mwenyewe. Humu ndani ni usiku.”

Bibi akaingiza kichwa gizani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akavua viatu, kama mtu anayekwenda kulala, akaingia.

Sungura alisema Kiingereza. Bibi, asiyejua neno lake hata moja, aliwasimulia wajukuu kila kitu kwa Kinyamwezi, taratibu, mwanga ukimcheza usoni kama wa moto wa jikoni. Safu nzima ilimwinamia yeye.

Tulipotoka, jua lilikuwa bado linawaka juu ya mabati. Bibi akafumba jicho moja, viatu mkononi.

“Mmeamkaje, wanangu?”

Msomaji mmoja wa gazeti hili ameniuliza katuni ipi inafaa kwa familia. Sijui. Ila pale mlangoni, watu wazima na akili zetu timamu, sote tuliitikia: “Tumeamka salama, Bibi.”