Mita ya Mama na Moteri ya Buldoza

Nilipima buldoza kwa mita ya mama ya kushonea nguo. Cheka tu, mimi nimechoka kujitetea.

Buldoza lenyewe la zamani, moteri yake, yaani injini, ilikufa. Baba, fundi wa magari mtaani Jabe, akapata moteri ya lori, ya chapa nyingine kabisa, kwa hiyo ilibidi aiundie miguu mipya ya chuma ya kuikalisha kwenye fremu ya buldoza. Akanituma nipime upana wa fremu. Mita yake ya chuma ilikuwa mbali, na mimi kwa uvivu nina diploma tayari; nikanyakua ya mama, anayeshona jirani ya gereji. Nikamtajia baba namba kwa sauti ya injinia. Akachomelea siku nzima.

Leo, mbele ya mwenye buldoza, tukaishusha moteri kwa mnyororo. Miguu yote ikapita nje ya fremu.

“Muzee, hii moteri ni ya buldoza ao ya meli?” akauliza mwenyewe. “Apana, mi napeleka kwa fundi mwingine.”

Baba akanigeukia. Nikaonyesha mita. Mama, aliyekuwa ametoka cherehani kuangalia, akaitazama, akachoka papo hapo.

“Hii mita inaanziaka kwa sentimita nane, sababu mwanzo wake ulikata we mwenyewe ukiwa mutoto. Mi napunguzaka nane kila nguo, na kwa baba yako sijakusemea hata siku moja. Leo jisemee.”