Pete ya Ngatia kwenye Unga wa Mawe

Ungemwona Ngatia wa Gakindu akiokota jiwe, ungedhani ananunua ng'ombe. Aliligeuza, akalipima uzito kwa kiganja, akalilamba, kisha akalitazama tena pale palipolowa mate. Majirani zake wa Mukurweini, ambao kwao jiwe ni kitu cha kuharibu jembe tu, walimcheka tangu ujana. Hakujali. Alianza kwa kubeba masanduku ya wapima ardhi miaka miwili kabla ya uhuru, na kufikia 1976 alikuwa amewafundisha kazi wanajiolojia watatu wenye digrii, ingawa wao waliamini ndio waliomfundisha yeye.

Alikuwa na maelezo yake, na alikuwa tayari kumpa yeyote aliyesimama karibu naye zaidi ya dakika mbili. Nyeri usitafute dhahabu, alisema. Mlima ulipokuwa ungali unatema moto, ulimwaga mawe yake juu ya nchi kama uji uliofurika sufuria, ukafunika mawe ya zamani. Ukiyataka hayo ya zamani, teremka hadi kule chini ya Wang'uru, mashamba ya mpunga yanapokwisha na vilima vikavu vinapoanza. Huko utaona mishipa ya jiwe jeupe gumu, lile ambalo wasomi huliita kwatzi, imepita ndani ya mwamba kama mafuta ndani ya nyama. Mingi haina kitu. Jiwe la kutumainia ni lile lenye kutu na vijishimo, linaloonekana kama limeoza. Hilo jeupe linalong'aa ni la kupangia maua mbele ya nyumba ya mwalimu.

Disemba ya mwaka uliotangulia, Ngatia alikuwa amefunga ndoa kanisani. Usishangae, alikuwa na mke na watoto watano. Yeye na Waithira walikuwa wameoana kwa mbuzi na pombe ya miwa, wakaishi vizuri miaka ishirini na miwili. Lakini binti yao mkubwa, Murugi, alikuwa amechumbiwa, na Waithira aliapa kwamba mwanawe hatamtangulia madhabahuni. Basi wakanunua pete mbili za dhahabu kwa sonara mmoja mjini Nyeri, za uzito mmoja, wakavishana. Kwenye karamu Ngatia aliinua mkono akawaambia wakwe zake kwamba pete ile haitatoka kidoleni mpaka wamzike nayo. Alishangiliwa sana, akarudia mara mbili.

Januari akarudi kazini huko chini ya Wang'uru, kwenye kilima kilichoitwa Karigiri. Kampuni ya utafiti wa madini ilikuwa imemweka hapo mwanajiolojia kijana wa Kimeru, Kinoti, aiongoze kambi, mpole na msomi, aliyemwita Ngatia "Mzee" kwa moyo safi. Walikuwa wamefuata vipande vya jiwe jeupe vilivyotapakaa mashambani, wakapanda navyo, wakiosha udongo kwa karai kila hatua hamsini, hadi wakaupata mshipa wenyewe. Wakachimba mitaro mitano ya kuukata. Sasa mawe yalichongwa kutoka kila mtaro, yakatiwa mifukoni, yakaletwa kwenye kibanda cha kusagia. Bwana wa kibanda alikuwa Ngatia.

Humo ndani alikuwa mkali kuliko mzee wa kanisa. Alitwanga mawe kwenye kinu cha chuma, akaumwaga unga juu ya turubai, akausambaza kwa kiganja, akaugawa mafungu manne, mawili akatupa, mawili akayachanganya na kuyasambaza tena, mpaka ukabaki unga wa kujaza bahasha moja ya kwenda maabara Nairobi. Aliyeingia alivua bangili, vipuli, hata sarafu aliacha nje, kwa sababu chembe moja ya madini ya kigeni huudanganya mzani. Njue, msaidizi wake, aliwahi kurudishwa mlangoni kwa ajili ya kifungo cha shaba. Pete ya Ngatia haikumjia akilini hata siku moja. Vitu vya kuvuliwa ni vile mtu alivyojivisha mwenyewe kwa kujipamba. Hiki alivishwa mbele ya Mungu; kilikuwa sehemu ya mkono.

Machi majibu yakaja. Kinoti alitoka hemani mbio, karatasi mkononi.

"Mzee, mtaro wa tatu uko na dhahabu. Wote, kutoka juu mpaka chini."

Kambi nzima ilifurahi. Kinoti alisema ofisi kuu italeta mashine ya kutoboa mwamba, watu arobaini wa pale wapate kazi ya miaka miwili, na Ngatia awe msimamizi mwenye nyumba ya mabati. Msimamizi! Ngatia alitabasamu pamoja nao, lakini moyoni hakutulia. Mtaro wa tatu alikuwa ameulamba. Jiwe lake lilikuwa jeupe, kavu, lisilo na kutu hata chembe. Alichukua ndoo ya vipande vyake, akavitwanga, akaosha unga kwa karai mpaka jua likawa utosini. Akapata mchanga mweupe.

Jumamosi akapanda kwenda nyumbani. Waithira alikuwa akimenya viazi, akamshika mumewe mkono ampe kisu. Akaugeuza kiganja juu.

"Baba Murugi, pete yako umeifanya nini?"

Upande wa kiganja ilikuwa imelika, nyembamba kama jani la mahindi. Waithira aliweka pete yake kando ya hiyo. Yeye alilima kahawa, akasugua sufuria, akafua, na pete yake ilikuwa nene kama siku ya sonara.

"Mimi mwanamke wa jembe yangu ni nzima. Yako imekwenda wapi?"

Ngatia alijua imekwenda wapi. Imekwenda Nairobi ndani ya bahasha. Mitaro mingine walipokezana na Njue, lakini wiki ya mtaro wa tatu Njue alikuwa mgonjwa, na unga wote aliusambaza yeye peke yake, kwa kiganja kile, asubuhi hadi jioni. Alikaa kwenye kigoda akahisi aibu imempanda kutoka miguuni. Akamweleza mkewe yote, pamoja na nyumba ya mabati na ule usimamizi.

Waithira alichukua kiazi kingine. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tayari wamejua wawili. Jumatatu Kinoti awe wa tatu."

Jumatatu Ngatia alisimama mbele ya hema la Kinoti kabla ya chai, kofia mkononi.

"Bwana Kinoti, ile dhahabu si ya kilima. Ni ya bibi yangu." Akamwonyesha pete. "Mimi ndio niliharibu hiyo kazi. Ukitaka kunifuta, nifute, lakini usilete mashine."

Kinoti aliishika ile pete, akaizungusha, akaketi juu ya sanduku la mawe. Alikuwa amekwisha kumwandikia mama yake Meru habari za dhahabu. Hakufoka. Aliagiza mtaro wa tatu uchongwe upya, Njue akasaga, na baada ya wiki tatu maabara ikajibu: hakuna kitu. Karigiri kikafungwa. Hakuna mashine, hakuna mabati.

Siku ya kung'oa hema Kinoti alimwita. "Mzee, wamenipa kilima kingine, upande wa Embu. Nimewaambia siendi bila wewe. Lakini hiyo pete haingii kibandani."

Ngatia alirudi Gakindu na shida yake mpya, akamweleza mkewe kwamba ameacha kazi, kwa maana aliapa mbele ya wakwe.

"Uliapa kwa nani?" Waithira aliuliza. "Nilikuvisha mimi. Lete mkono."

Akaipaka sabuni, akaivua, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Ngatia akaenda Embu kidole kitupu. Jumamosi alipoingia uani, Waithira aliacha alichokuwa akifanya, akanawa mikono, akamwamuru asimame wima kama siku ile, akamvisha mbele ya watoto wanaocheka. Ikawa hivyo Jumamosi kwa Jumamosi, miaka tisa, hadi alipostaafu. Njue akimuuliza kwa nini hakosi basi la Jumamosi hata mvua inyeshe vipi, alimjibu kwamba anakwenda kuolewa.