Hodi Juu ya Mawe ya Kibati

Bukavu, asubuhi. Sikwenda Goma kutalii. Siku hizo waasi walikuwa wameshuka hadi Kibumba, karibu na Goma, na dada yangu aliniuliza kama nimechoka kuishi. Nilikwenda kwa sababu vijana wawili niliowajua kwa simu tu, Amisi na Espérance, walitaka niwapigie video ya wimbo wao wa kwanza. Wanapiga roki, Amisi gita na sauti, Espérance, ambaye wote humwita Espe, dramu. Hawana kampuni wala meneja. Shemeji yangu, mtu wa rumba, nilipomsikilizisha wimbo huo aliuliza kama spika yangu imeharibika.

Ziwani boti ilikwenda vizuri. Abiria walipiga soga njia nzima, ila tulipoanza kuuona mlima Nyiragongo, ule wa volkano, na moshi wake, wengi waligeuka kuutazama.

Bandarini Goma, Amisi alinipokea na kunipeleka kwao, familia ya Kiislamu yenye asili ya Maniema. Mama yake alinishibisha wali na samaki kabla ya kuniuliza jina. Hapo ndipo Espe alipokuja kunieleza nilichoitiwa. Mlipuko wa mwisho wa volkano ulifunika nyumba ya kina Espe upande wa Kibati kwa lava iliyoganda kuwa mawe. Tangu hapo yeye na mama yake wamepanga chumba mjini, mtaa wa Katindo, na mama hajawahi kurudi kutazama. Husema kwao hakupo tena. Espe alitaka tupige video pale pale ilipokuwa nyumba, mama apaone hata kwa picha.

"Tuende kesho," aliniambia. "Kama tunangojea, njia itafungwa."

Njia ya Kibati, kesho yake. Dramu, gita na jenereta tulivifunga juu ya chukudu, lile baiskeli la mbao linalobeba kila kitu Goma, tukalisukuma kupanda. Watu walikuwa wakiteremka: magodoro, mbuzi, watoto mgongoni. Sisi peke yetu tulikuwa tunapanda, tena na vyombo vya muziki. Niliona aibu, nikaificha kamera chini ya koti. Mwanajeshi mmoja kwenye kizuizi alifungua dramu kubwa, akachungulia ndani, akaigonga mara moja kwa kidole, akaturuhusu.

Juu ya mawe hakuna barabara, hakuna uzio, hakuna mti wa kukuelekeza. Ni weusi mtupu, na mtu anatembea akiangalia miguu. Espe alizunguka kidogo, akasimama, akasema ni hapa. Tulipanga dramu, tukawasha jenereta, wakaanza. Walikuwa wakipiga kwa nguvu, nami nilikuwa na furaha kwelikweli, maana mwanga ulikuwa mzuri.

Ndipo nikamwona mama mmoja amesimama pembeni, jembe begani. Hakutukatiza. Wimbo ulipokwisha alimwita Espe kwa jina. Alikuwa Mama Zawadi, jirani yao wa zamani.

"Espe, hapa ni mu chumba yangu ya kulala," alisema. "Munaingia bila kupiga hodi?"

Espe alishika mdomo. Mama Zawadi hakuwa amekasirika, lakini hakuwa anatania pia. Alituonyesha nguzo ya umeme iliyobaki imezama nusu. Nyumba ya kina Espe ilikuwa chini ya nguzo hiyo, mlango ukiangalia ziwa. Espe aliyezaliwa pale alikuwa amekosea, kwa sababu njia zote alizozijua zilikuwa chini ya miguu yetu.

Tuliomba radhi, tukabeba kila kitu hadi kwenye nguzo, naye akatufuata. Safari hii Espe hakupanga dramu kwanza. Alisimama palipokuwa na mlango, akaita, "Hodi."

Sote tulimtazama Mama Zawadi, tukidhani atamjibia. Alitikisa kichwa, kwamba si yeye wa kujibu.

"Mwenye nyumba njo anajibu."

Kukawa upepo tu. Kamera ilikuwa inarekodi. Espe alingoja muda mrefu, kisha akakaa kwenye dramu akapiga, na sijawahi kumsikia tena akipiga vile.

Katindo, siku chache baadaye. Wakati wa kuunganisha picha, mimi na Amisi tulitaka kukata ule ukimya baada ya hodi. Nani atavumilia video ya roki inayoanza na upepo? Espe alikataa. Tulibishana, tukashindwa.

Tuliizindua katika ukumbi wa kukodi, shuka jeupe ukutani. Mama yake Espe alikuja amevaa kitenge chake kizuri, akaketi nyuma karibu na mlango. Mawe yakatokea, nguzo ikatokea, Espe akaita, "Hodi." Ukimya. Vijana walianza kukohoa, nami nikajilaumu kwa kumsikiliza Espe.

"Karibu," alisema mama yake.

Hakupaza sauti. Alijibu kama mtu aliye jikoni, mikono ina kazi. Halafu dramu ikalia ukutani, na Espe, aliyekuwa kando yangu, akaufunika uso.

Bukavu tena. Njia ya Kibati ilifungwa mara tu baada ya kuondoka kwangu. Nimekata na kuunganisha picha za video maisha yangu yote nikiamini kwamba pasipo na sauti hapana kitu. Dada yangu alipoitazama video aliuliza mbona hakuna anayemjibu yule binti. Nikamwambia ameshajibiwa.